Giza, mbalamwezi na wiki mbaya: kisa cha muuza dagaa wa Igombe

Mwanamke ninayemwandika hapa ana miaka 34, watoto watatu, na kazi yake ni dagaa. Anaishi Igombe, wilaya ya Ilemela mkoani Mwanza, jirani kabisa na mwalo wa Ziwa Victoria, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Alfajiri ananunua kwa wavuvi, mchana anaanika, na mzigo ukikauka anaupeleka soko la Kirumba Mwaloni, ambako wanunuzi wa Kongo na Rwanda hawakosekani. Barua ya rufaa aliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja: "Hasira bila sababu. Mume analalamika." Mume mwenyewe hakuwepo. Aliyemleta ni wifi yake, na kwa nusu saa ya kwanza wifi ndiye aliyeongea. Mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha, na mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe.

Kwa maelezo ya wifi, mke wa kaka yake "ana misimu." Hupita miezi mitatu hivi akiwa mtu wa watu: anacheka, anapika, kaka akirudi kutoka kambi ya uvuvi anakuta maji ya moto bafuni. Kisha huingia miezi mingine ambayo kaka hamalizi siku mbili nyumbani bila vyombo kuvunjika. Kuna siku alizibeba taa za kuvulia za mumewe akazitosa ziwani mbele ya vijana wa mtumbwi. Ukoo ulishakaa vikao, na kaka alikuwa amefika mahali pa kuamini kwamba kuna mwanamume mwingine, na kwamba misimu ya hasira ni ile ambayo huyo mwanamume yupo mjini. "Daktari, mimi ni mwanamke mwenzake," wifi alisema, "lakini ile siyo hasira tunayoijua." Mimi si daktari, ni mshauri wa saikolojia, ila pale kila aliyekaa nyuma ya meza huitwa daktari.

Wifi alipotoka kwenda kununua vocha, mama huyu alisema jambo moja ambalo lilitosha kuanzia kazi. "Jumanne nilimpiga mtoto kwa mwiko kwa sababu ya chumvi. Ijumaa nikaingia siku zangu, Jumamosi nikampigia magoti kumwomba msamaha. Mtoto wa miaka saba. Akaniuliza, mama, unaumwa?"

Nilimwuliza kama hali hiyo huja na siku zake kila mara. Alifikiri kwa muda, akasema hajui, hajawahi kuziangalia pamoja. Nililiamini jibu hilo. Nyumbani kwao hedhi ni jambo la kuficha: mume haambiwi, wifi haambiwi, na mama aliyemlea (shangazi yake, huko Geita) alimpa kitambaa na onyo, basi. Kitu usichokitaja huwezi kukihesabu.

Mengine yalitoka polepole. Usingizi unakatika saa nane usiku na haurudi. Analia akiwa kwenye daladala. Matiti yanajaa mpaka kanga inauma, tumbo linakaza, moyo unakwenda mbio bila kukimbia. Sokoni anarudisha chenji kubwa kuliko pesa aliyopewa. Na usiku mwingine hulala akiomba kusipambazuke. Niliuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Alisema kufikiria, ndiyo, kupanga, hapana. Siku hiyohiyo tulikubaliana mambo mawili kabla ya lolote jingine: dawa za kuulia wadudu zilizokuwa uvunguni mwa kitanda zihamie kwa jirani, na dada yake wa Buswelu awe anakuja kulala kwake siku zikiwa mbaya.

Waliomtibu kabla

Alishazunguka. Zahanati moja ilimpa dawa za UTI, miezi kadhaa baadaye ikampa za taifodi, kisha UTI tena. Mganga mmoja upande wa Magu alisema mizimu ya ukoo inadai, akachukua mbuzi na fedha. Mchungaji alimfungia maombi ya siku tatu. Kila mmoja, kwa ushahidi wa mgonjwa mwenyewe, alimponya.

Hapa pana mtego ambao ningependa kila anayehudumia wanawake aujue. Mtu anayeumwa kwa wiki moja kisha akapona mwenyewe huenda kwa mtabibu siku hali ikiwa mbaya kupita zote, yaani siku mbili tatu kabla ya damu. Ukimpa kidonge, hirizi au sala, ndani ya siku nne atakuwa mzima. Anayemhudumia anapata sifa, mgonjwa anapata imani, na mwezi unaofuata ugonjwa ukirudi, anayelaumiwa ni mgonjwa: hakumaliza dozi, hakutimiza masharti, imani yake ndogo. Mama huyu alikuwa amebeba lawama zote tatu. Wengi wetu, pamoja na sisi wenye makoti meupe, tunaishi kwa sifa za namna hiyo bila kujijua.

Vipimo vya kawaida tulivirudia. Hana mimba, hana virusi vya ukimwi, tezi ya shingo iko sawa. Damu ilikuwa pungufu kidogo, na choo kilionyesha kichocho, jambo lisiloshangaza kwa mtu anayeingia majini kila alfajiri kupokea mitumbwi. Alitibiwa vyote viwili, akapata nguvu. Wiki mbaya haikusogea.

Daftari

Hali iliyokuwa inashukiwa ni ile inayojulikana kwa kifupi cha PMDD: msukosuko mkali wa hisia unaokuja wiki ya mwisho kabla ya hedhi na kuondoka siku chache baada ya damu kuanza. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliiingiza rasmi kwenye mwongozo wake wa magonjwa mwaka 2013, ndani ya kundi la sonona, yaani magonjwa ya huzuni nzito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unaiweka kwenye magonjwa ya uzazi na kuitaja pia upande wa sonona. Si ule usumbufu wa kawaida unaowapata wanawake wengi. Wenye PMDD yenyewe ni wachache, pungufu ya 6 katika kila 100, na ili mtu ahesabiwe anatakiwa awe na angalau dalili 5 kati ya 11, mojawapo ikiwa ya hisia: hasira, huzuni, wasiwasi au kubadilikabadilika. Ziwe zinavuruga maisha, na zithibitishwe kwa kumbukumbu za kila siku kwa mizunguko miwili.

Hilo la kumbukumbu za kila siku si urasimu. Mwaka 1977 mtafiti Diane Ruble alichapisha jaribio alilolifanya kwa wanafunzi wa kike wa Princeton: aliwafanya waamini, kwa kipimo cha uongo, kwamba hedhi iko karibu au iko mbali. Walioambiwa iko karibu walitaja maumivu na kuvimba zaidi, ingawa kimwili wote walikuwa sehemu moja ya mzunguko. Ukimwuliza mtu kwa kukumbuka, anakujibu pia yale ambayo jamii imemfundisha kuyatarajia. Kwa mama huyu mambo yalikuwa kinyume. Jamii haikumfundisha kutarajia chochote, kwa hiyo hakuona chochote. Njia zote mbili zinadanganya, na dawa yake ni kuandika siku kwa siku.

Fomu zetu zina maswali mengi na lugha ngumu. Hakuzipenda, nami sikumlazimisha. Alitoa kwenye mkoba daftari lake la biashara, lile la kurasa ndefu lenye jalada gumu, linalonuka dagaa. Upande wa kushoto: sado ngapi, gunia ngapi, nani anadaiwa. Upande wa kulia ulikuwa mtupu. Akapiga mistari: hasira, kilio, wasiwasi, usingizi, mwili, na safu ya mwisho akaiita "madhara," yaani jambo lililoharibika siku ile. Namba 1 hadi 6, 6 ikiwa mbaya kupita zote. Siku ya damu, duara jekundu. Kwa kuwa anaandika hesabu kila jioni hata kama amechoka vipi, hakuruka siku.

Mizunguko miwili ilitosha kwa jina la ugonjwa. Namba za 5 na 6 zilijipanga siku sita saba kabla ya duara jekundu, zikaporomoka siku ya pili ya damu, na wiki iliyofuata zilikuwa 1 tupu. Kama ingekuwa sonona ya kawaida inayozidi kabla ya hedhi, wiki ile ya katikati isingekuwa safi hivyo. Daktari wa magonjwa ya akili aliliona daftari, akakubali, akapendekeza dawa. Mama huyu akakataa. Hatameza "dawa za vichaa" bila mume kujua, na mume yuko kisiwani mpaka giza liishe. Akaendelea kuandika. Kukataa kwake ndiko kulikotupa sehemu ya kisa iliyonifundisha zaidi.

Hesabu ya mwezi

Kwa asiyeijua biashara ya dagaa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta kukiwa na giza. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa haufui dafu, na wavuvi hurudi nyumbani. Kwa hiyo mwalo wote unaishi kwa mwezi wa angani. Giza likiingia, wanaume wanakwenda makambini visiwani, pesa inatembea, wanawake hawalali. Mbalamwezi ikifika, wanaume wako nyumbani, vichanja vikavu, mifuko mitupu.

Mzunguko wa mama huyu ni wa siku 25 au 26. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu. Maana yake kila giza jipya linakuta wiki yake mbaya imetangulia kwa siku nne hivi. Inasogea, inasogea, mpaka baada ya miezi kama sita inakuwa imezunguka na kurudi ilipoanzia.

Sasa mtazame mume. Yeye humwona mkewe siku za mbalamwezi tu. Kwa miezi miwili mitatu wiki mbaya inaangukia gizani, yeye akiwa kisiwani. Akirudi anakuta mke aliyekwisha kutulia. Kisha wiki hiyo inasogea mpaka inakutana na siku zake za kurudi, na kwa miezi miwili mitatu kila akifika anafikia kwenye moto. Halafu kimya tena. Misimu aliyoisema wifi ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyeidanganya familia. Kalenda mbili, moja ya mwili na moja ya ziwa, zilikuwa zinapishana na kukutana, na katikati yake mwanamume akatunga mwanamume mwingine ili apate maelezo. Sikumcheka. Kwa ushahidi aliokuwa nao, wivu ulikuwa na mantiki.

Niliuchora mchoro huo kwenye karatasi na mama huyu, tukarudi nyuma kwa kutumia tarehe alizokuwa nazo: siku taa zilipotoswa, kikao cha ukoo, sikukuu aliyoondoka kwenda kwa dada yake. Siyo zote ziliangukia mahali pake, ila zile kubwa ziliangukia.

Kupishana huko kulitupa kitu kingine ambacho kwa kawaida hukipati bila maabara: wiki ileile ya mwili, katika mazingira tofauti. Mzunguko wa kwanza tuliouandika, wiki mbaya ilikuwa katikati ya giza. Alikuwa anaamka saa tisa usiku, anagombana na wabeba mizigo, anaanika juani mpaka saa nane mchana. Hasira 6, usingizi 6, madhara 4. Kufikia mzunguko wa nne, wiki hiyo ilikuwa imetua kwenye mbalamwezi. Hakuna kazi, analala, dada yake yupo. Kwa hesabu ya uchovu peke yake, ilipaswa iwe nafuu. Usingizi ulishuka hadi 4. Mwili ulibaki palepale, 5. Hasira 6. Kilio 6. Madhara yakafika 6 kwa mara ya kwanza, na usiku wa Jumatano alimpigia dada yake simu akisema maneno ambayo dada yake aliyaelewa vizuri na kuja usiku uleule kwa bodaboda.

Jumatano ni siku ya marejesho.

Deni

Alikuwa kwenye mkopo wa kikundi wa aina ile ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Kila wiki marejesho, giza liwe au mbalamwezi. Kikundi hakiinuki mpaka kila mtu ametoa. Asiyekuwa nayo, wenzake wanamchangia huku wakimsema, na ikishindikana wanakwenda nyumbani kwake kubeba godoro au runinga. Giza likiwa zuri hilo halimsumbui. Mbalamwezi ikija, pesa haipo, na waliompangia ratiba ni kama hawajui kwamba ziwa lina ratiba yake. Wakopeshaji hawa hufungua ofisi hadi kwenye mialo, kwa hiyo sisemi kwamba hawajui. Nasema tu ratiba haibadiliki.

Nilipomwuliza kilichotokea Jumatano ile, hakusema chochote kuhusu mwili. Alisema mwenyekiti wa kikundi alimwambia mbele ya wanawake ishirini: "Mume yuko nyumbani, kamwombe hata samaki." Mume alikuwa nyumbani kweli, na alikuwa amezila fedha zake za kikoba, kile kikundi kingine cha wanawake cha kuweka na kukopa. Miezi minane nyuma alizichukua kununulia nyavu, akaahidi kurudisha, hakurudisha. Aibu ya kikundini aliimeza hadi nyumbani, na nyumbani alimkuta aliyeisababisha amelala.

Wanawake wenye PMDD hawana homoni nyingi kuliko wenzao. Mwaka 1998 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, wakiwemo Peter Schmidt na David Rubinow, walionyesha hilo kwa namna nzuri: waliizima kazi ya ovari kwa dawa, na wale waliopata nafuu waliporudishiwa estrojeni au projesteroni kwa kiwango cha kawaida, dalili zikarudi. Wanawake wasio na tatizo walipitishwa njia hiyohiyo wakabaki kama walivyokuwa. Tofauti iko kwenye ubongo unavyoyapokea mabadiliko. Kwa hiyo ukimwambia mama huyu kwamba shida yake ni deni na mume, unamwonea: wapo wenye deni na mume kama wake ambao wiki hiyo inapita bila kitu. Ukimwambia shida yake ni homoni tu, unamwonea pia, kwa sababu Jumatatu na Jumatano zilikuwa ndani ya wiki ileile ya mwili. Mwili ulileta ngozi nyembamba. Kikundi na mume wakaleta moto. Na utoto wa kupigwa kwa shangazi, ambao aliugusia mara moja na hakutaka kuurudia, nao nadhani umo: tafiti kadhaa zimekuta historia ya ukatili ikiambatana na PMDD kuliko inavyotarajiwa kwa bahati tu.

Niongeze tahadhari. Huyu ni mtu mmoja na mizunguko minne. Sijathibitisha chochote kuhusu wanawake wote wa mwaloni.

Mama mkwe na swali la mtoto wa nne

Mama mkwe alikuja mara moja, akiwa amevaa kitenge kipya, na alikuwa na hoja. Yeye alizaa tisa na hakuwahi kuwa na mambo haya, wala wenzake. Nilimwuliza, kwa heshima zote, alipata siku zake mara ngapi kati ya ndoa na mtoto wa mwisho. Alicheka. "Mwanangu, nilikuwa nabeba au nanyonyesha. Hizo siku nilizionea wapi?"

Jibu lake lina uzito kuliko alivyodhani. Dalili za PMDD hutoweka wakati wa ujauzito, na mama anayenyonyesha hukaa muda bila kupevusha yai. Mwanamke aliyezaa tisa na kunyonyesha kila mmoja kwa miaka miwili alipita kwenye wiki hiyo mara chache. Mkwewe, mwenye watatu na kijiti cha uzazi wa mpango alichokitoa mwaka jana, anakutana nayo karibu mara kumi na nne kwa mwaka. Inawezekana mama mkwe alikuwa na ubongo uleule na hakupata nafasi ya kujua.

Tatizo ni kwamba mama mkwe alitoa hitimisho lake mwenyewe: basi abebe mimba, atapona. Na mgonjwa alishalifikiria hilo. Mimba zake zote tatu anazikumbuka kama vipindi vya amani. Tulizungumza wazi: ni kweli miezi tisa itakuwa tulivu, na baada ya hapo kutakuwa na mtoto wa nne, deni lilelile, na wiki ileile ikirudi. Uamuzi ni wake. Kwa sasa amesema bado.

Tulichofanya

Baada ya simu ile ya Jumatano alikubali dawa. Daktari alimwandikia fluoksetini, na kwa sababu ya namna ugonjwa huu ulivyo, anaimeza nusu ya mwisho ya mzunguko tu, kuanzia karibu na siku yai linapopevuka mpaka damu inapoanza. Kwa sonona ya kawaida dawa hizi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Kwa PMDD nafuu huweza kuonekana ndani ya siku chache, ndiyo maana nusu mwezi inatosha kwa wengi. Kwake hilo lilikuwa na maana mbili: gharama nusu, na kwamba "siyo dawa ya vichaa, vichaa wanakunywa kila siku." Hoja hiyo ya pili ni ya kwake, sina haja ya kuisahihisha.

Kuhusu deni, kikoba chake kilimkopesha amalizie kausha damu, naye anarudisha kwa giza badala ya kwa wiki: giza moja, rejesho moja. Wanakikoba wote ni wa dagaa, walielewa bila maelezo. Wameomba pia mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao wanawake wana fungu lao na hauna riba. Hadi naandika haujatoka.

Mume ilibidi tumpange kwa mwezi wa angani. Vikao vyetu naye vyote viliwekwa mbalamwezi, na cha kwanza nilimwekea mbele daftari na mchoro wa kalenda mbili. Alikaa kimya kwa muda, akafuata safu kwa kidole, akataja mbalamwezi aliyorudi akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Ilikuwa mahali pake. "Kumbe hakuna mtu," akasema. Mkewe hakumwangalia. Nadhani kusikia kwamba kwa miaka minne alikuwa akishukiwa kulimuumiza kuliko kulivyompoza mumewe.

Kalenda ikawa fimbo

Mizunguko mitatu ya dawa baadaye, hasira iko kati ya 2 na 3, kilio 2, usingizi 3. Matiti na tumbo havijabadilika sana. Madhara: siku moja tu, na lilikuwa jambo dogo la mteja. Hajarudi kwenye mawazo ya kutoamka. Kama ningepima kwa namba tu, ningefunga jalada.

Lakini mume alijifunza haraka kuliko tulivyotaka. Ndani ya wiki chache, kila mkewe alipofungua mdomo kudai, jibu likawa: "Leo tarehe ngapi? Si zako hizo?" Akilalamikia ada ya shule, ni tarehe. Akiuliza alikolala juzi, ni tarehe. Alilisema mara moja siku ya tisa ya mzunguko, wiki safi kabisa, na mkewe akakosa la kujibu kwa sababu alianza kujitilia shaka mwenyewe. Ugonjwa uliokuwa hauna jina ulimfanya aonekane mchawi na mzinzi. Ulipopata jina, ukampa mume njia ya kutomsikiliza.

Jane Ussher, mtafiti wa Australia aliyewahoji wanawake wengi juu ya jambo hili, amekuwa akisisitiza kwamba hasira ya wiki ile mara nyingi ina kisa ndani yake. Ni lile lililomezwa wiki tatu nyingine, likatoka wakati nguvu ya kulimeza imepungua. Sauti ni ya ugonjwa, jambo ni la kweli. Kwa mama huyu jambo lilikuwa moja kila mara. Nilirudi kwenye daftari na maelezo yetu ya vikao: ugomvi karibu wote wa wiki mbaya ulianzia kwenye kitu kingine, chumvi, mlango, taa, ukaishia kwenye fedha za kikoba.

Tukaweka utaratibu nao wote wawili. Jambo likizuka wiki mbaya, halijadiliwi na halitupwi, linawekwa kiporo. Linaandikwa kwenye daftari kwa maneno yake, na siku ya tano ya damu linafunguliwa. Kama siku hiyo mke anaona halina uzito, analifuta mwenyewe. Kama lina uzito, mume analijibu. Na neno "tarehe" mume haruhusiwi kulitaja. Akilitaja, kikao kinakwisha na jambo linahesabiwa kuwa mke ameshinda. Hii ya mwisho ilipendekezwa na wifi, ambaye kufikia hapo alikuwa amehama upande.

Kiporo cha kwanza kilikuwa na mambo manne. Mawili aliyafuta mwenyewe akicheka. La tatu lilikuwa ada, likaisha kwa dakika chache. La nne alilisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei ya sado: fedha za nyavu, kiasi, mwezi zilipochukuliwa, na ahadi aliyopewa. Mume alijaribu kusema ni mambo ya wiki ile. Mkewe akageuza daftari, akamwonyesha: limeandikwa wiki mbaya, limeandikwa tena siku ya nane, limeandikwa tena siku ya kumi na mbili, kiasi kilekile. Akakubali kulipa kidogo kidogo kila giza.

Amelipa magiza mawili. La tatu alisema ziwa lilichafuka, jambo ambalo huenda ni kweli, upepo ulikuwa mkali wiki hiyo. Mkewe amelihamisha deni hilo kutoka safu za kulia na kuliandika kushoto, pamoja na wateja wengine wanaodaiwa, na akirudi mbalamwezi ijayo atamwuliza.